Neno la Kwanza Kwenye Orodha

Barua iko mezani, imekwisha kupigwa chapa, inangoja sahihi yangu tu. Bwana Nalianya amenipa hadi saa kumi. Kando yake ameweka barua nyingine, ile ya kuniajiri kazi ya kudumu, ambayo nimeisubiri tangu Februari. Ameiweka mahali ninapoweza kuisoma bila kuigusa. Nikitia sahihi ile ya kwanza, napewa ya pili. Nisipotia, nichukue daftari zangu niende.

Ya kwanza ni fupi. Inasema kwamba mimi, Kamene Mbaluka, niliandika programu ya zahanati kwa majina ya Kiswahili ambayo mwenzangu hakuweza kuyaelewa, na kwa sababu hiyo mtoto akadungwa sindano ambayo hakupaswa kudungwa, kwamba najuta, kwamba naomba radhi. Imeandikwa kwa Kiingereza.

Nimechoka. Sijalala vizuri tangu nirudi kutoka kwetu Masii kumzika nyanya yangu, na hata kabla ya hapo nilikuwa na uchovu wa aina ile ambayo usingizi hauiondoi. Kutia sahihi ni kazi ya sekunde mbili. Ningekuwa nimeshafika nyumbani kwa shangazi, nimevua viatu. Lakini kalamu bado iko pale pale.

Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la sare za shule, soko la Jericho. Mchana kutwa tunasikia cherehani upande wa pili wa ukuta. Tuna kompyuta mbili. Moja ni ya Sydney, kwa sababu Bwana Nalianya ni mjomba wake. Nyingine ni yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika programu.

Diploma yangu niliipata katika chuo kimoja mjini kilichokuwa na wanafunzi arobaini na kompyuta sita. Zamu yako ikifika, ulikuwa na dakika ishirini. Kwa hiyo tulijifunza kuandika programu kwenye daftari, kwa kalamu, mstari kwa mstari, na mwalimu akasahihisha kwa wino mwekundu kama anayesahihisha insha. Ulilazimika kukariri kila neno la amri, maana ukikosea herufi moja mashine ilikataa, na dakika zako zikaisha ukitafuta kosa. Mpaka leo siwezi kuandika chochote kwenye kompyuta kabla ya kukiandika kwenye daftari. Sydney huona hilo ni kichekesho.

Mwezi wa tatu mwaka huu, tisini na nane, alikuja na CD ya kunakiliwa, ameifunga kwa gazeti.

"Niaje, Mwalimu," alisema. Huniita Mwalimu, na si kwa heshima. "Leo nimekuletea kitu itakufanya uchome hizo madaftari zako."

Alikuwa ameleta toleo jipya la ile programu tunayotumia kuandikia programu. Akakaa kwenye kiti changu, akanionyesha. Unaandika herufi mbili tatu, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na orodha inashuka chini ya maandishi kama pazia: maneno yote yanayoanza na herufi hizo, yamepangwa kwa alfabeti. La kwanza limekolezwa rangi ya buluu. Ukibonyeza mara moja zaidi, linajiandika lenyewe hadi mwisho.

"Umecheki? Hauhitaji kujua kitu. Hii inajua yenyewe."

"Inajua nini?"

"Inajua chenye unataka."

"Inajua jinsi neno linavyoandikwa, Sydney. Ninachotaka nakijua mimi."

"Aah! Wewe na Kiswahili yako ya taarifa ya habari." Akanyanyuka, akapangusa kiti kwa mkono kama mhudumu wa hoteli. "Karibu, Mwalimu. Taarifa kamili baada ya matangazo."

Sikumwambia, lakini nilikipenda kile kitu. Nilikiita kimalizio. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuuma kwa kuandika, na macho kwa kutafuta herufi iliyokosewa, na hapa kulikuwa na mtu wa kunibebea nusu ya mzigo. Alasiri hiyo, Sydney akiwa ametoka kwenda kutafuta chapati, nilifungua programu ya zahanati niliyokuwa nimeianza, nikaandika T, nikabonyeza. Orodha ikashuka na maneno yangu mwenyewe. Amri nilizozitunga, kwa majina niliyoyapa. Mashine iliyotengenezwa ng'ambo na watu wasiojua Jericho iko wapi ilikuwa ikinimalizia neno langu la Kiswahili bila kuuliza kwa nini siongei kama wengine.

Kwa shangazi tunaongea Kikamba. Shuleni nilivishwa kibao shingoni kwa kukiongea. Kiingereza nilipewa cha kufanyia mtihani, na Sheng ya mtaa huu ukiondoka wiki mbili unarudi imekwishabadilika. Kiswahili ndiyo lugha pekee niliyoichagua mwenyewe, nikaisoma kwa hiari, nikapendezwa na jinsi inavyokaa mdomoni. Kompyuta haijali amri inaitwaje, alimradi uiite hivyo hivyo kila mara. Basi niliziita kwa Kiswahili. Bwana Nalianya aliona, akacheka, akasema, "Bora ifanye kazi." Nataka hilo likumbukwe.

Zahanati yenyewe ni ya kanisa, mwendo wa dakika tano kutoka hapa. Wafadhili walikuwa wamewaletea kompyuta mbili, na Bwana Nalianya akapata kazi ya kuzifanya zitafute kadi za wagonjwa. Wiki ya kwanza niliandika amri ya kutafuta kadi kwa jina. Jina la kwanza, la pili, la tatu, basi. Niliiita TafutaKwaJina. Niliipeleka zahanati nikiwa nimejiona.

Aliyenipokea ni Asenath, karani wa kadi. Amekaa chumba kile miaka ishirini na mbili. Ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na makabati manne ya chuma ambayo hakuna mtu mwingine anayeweza kupata kitu ndani yake.

"Unatafuta kwa nini?" aliniuliza.

"Kwa jina, Mama Asenath."

"Kwa jina." Alinitazama kama mtu aliyeniona nikivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Njoo."

Alinipeleka mlangoni, penye benchi la akina mama wanaosubiri. Akaita kwa sauti, "Lydiah Nyaguthii Gachanja!"

Wanawake wawili wakasimama, kila mmoja amemshika mtoto wa kike mkono. Na mwanamke mzee aliyekuwa kwenye kona, amekuja kwa ajili ya presha, naye akainua mkono.

"Mmeona?" Asenath akawaambia wote, nao wakacheka, maana mchezo huo walikuwa wameuzoea. "Kaeni, sijamwita mtu. Nilikuwa namfunza huyu msichana wa kompyuta."

Mzee yule ana wana wawili. Kwa desturi yao, binti wa kwanza wa kila mwana huitwa kwa jina la mama wa baba. Wana wote wawili wanaishi Jericho, nyumba zinazotazamana. Wote wawili walimpenda mama yao kiasi cha kumpa mtoto hata lile jina la ubatizo, na jina la ukoo ni moja. Watoto wamepishana miezi minne.

"Hao ni watatu," Asenath alisema tuliporudi ndani. "Nina akina Muthoni Kariuki wanne. Nyinyi Wakamba pia mnarudia, usinitazame hivyo. Mimi kadi siweki kwa jina. Naweka kwa mama na nambari ya nyumba. Mtu akija hapa simwulizi yeye ni nani. Namwuliza ni wa nani."

Nilirudi ofisini nikaandika amri ya pili. Inauliza jina la mama, nambari ya nyumba, kisha mtoto. Niliiita TafutaKwaMama. Kila dirisha la programu, yaani kila ukurasa wa skrini wa kutafutia kadi, nililifungamanisha na amri hiyo. Asenath akaijaribu siku tatu akiitafutia makosa kwa bidii ya mtu anayejua kwamba ikifaa, yeye hatahitajika tena. Siku ya tatu alisema, "Haya. Hii imeuliza swali langu," akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ile amri ya kwanza sikuifuta.

Sina neno zuri la kuliwekea hilo. Nilijua haifai. Niliandika kwenye daftari, "futa TafutaKwaJina," nikapiga mstari chini yake. Halafu ikaja kazi ya kuchapisha kadi, halafu umeme ukawa unakatika kila alasiri, halafu kila nikianza kumweleza mteja jambo Sydney alikuwa ananimalizia sentensi, na huwa anazimalizia vibaya, ikanibidi niianze upya. Kila siku nilisema kesho. Amri isiyoitwa na dirisha lolote haimdhuru mtu; imekaa tu ndani kama kiti kibovu stoo. Ndivyo nilivyojiambia.

Kisha nyanya akafa, nikaenda Masii kwa siku nne.

Nilikuwa huko Bwana Nalianya alipoitwa zahanati. Sista wa chumba cha sindano alitaka dirisha lake mwenyewe kwenye kompyuta, la kutafutia kadi, asiwe anatuma mtu kwa Asenath kila mara. Lilikuwa ombi la haki. Bwana Nalianya, ambaye hajawahi kumwambia mteja "ngojeni," aliahidi kwamba litakuwa tayari kesho yake, Ijumaa. Akampa Sydney.

Sydney alilimaliza kwa saa moja. Aliandika T, A, F, akabonyeza, orodha ikashuka. La kwanza, kwa alfabeti, lilikuwa TafutaKwaJina, limekolezwa buluu. La pili lilikuwa TafutaKwaMama. Akabonyeza tena. Alijaribu kwa kutafuta kadi yake mwenyewe, maana naye hutibiwa pale. Jericho nzima hakuna mwingine mwenye jina kama lake. Kadi ikaja. Akaenda kula.

Jumamosi asubuhi Eve, mama wa mmoja wa wale watoto wawili, alimpeleka bintiye akiwa na kifua. Sista aliandika jina. Amri ikaleta kadi ya kwanza iliyoipata, kwa sababu ndivyo nilivyoiandika. Ilikuwa kadi ya binamu, safi, haina alama yoyote. Kadi ya binti wa Eve ina mstari mwekundu unaosema asipewe penisilini. Benchi lilikuwa limejaa. Sista akasoma kadi iliyokuwa mbele yake, akadunga penisilini.

Uso wa mtoto ulivimba kabla hawajafika getini. Walimrudisha mbio, akadungwa nyingine ya kupinga ile, akapelekwa hospitali kubwa, akalala huko siku mbili. Yuko nyumbani sasa. Anacheza. Nimemwona kwa macho yangu.

Nilirudi Jumatatu, vumbi la kaburi bado liko kwenye viatu, nikamkuta Bwana Nalianya amesimama katikati ya chumba, hajavua koti lake. Sydney alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. Walinieleza. Nilifungua programu nikasoma mistari ya Sydney. Ilikuwa kumi na mmoja.

"Ulisoma orodha?" nilimwuliza.

"Nilicheki."

"Ulisoma ya pili?"

"Manze Kamene, ya kwanza ilifanya kazi."

"Jina ni jina na mama ni mama. Ni maneno ambayo ulijifunza kabla ya kutembea."

"Sasa mimi nitajua aje ulimaanisha nini? Hiyo yote ni Kiswahili! Mtu akiona Kiswahili kwa code anaona tu..." Alipunga mkono hewani. "Anaona tu Kiswahili."

Hakuwa anatania. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Sydney huongea lugha hii tangu aamke hadi alale, huvunja mbavu za watu kwa lugha hii, humtongoza msichana wa duka la sare kwa lugha hii. Alipoiona imeandikwa mahali pa kazi macho yake yaliteleza juu yake kama juu ya ukuta. Akachukua la kwanza.

Na bado lile la kwanza lilikuwa langu. Nililiacha pale.

"Bosi," nilisema, "mimi nina kosa. Hiyo amri ilikuwa ya majaribio, nilipaswa kuifuta tangu Aprili. Andika hivyo nitie sahihi."

Bwana Nalianya alifunga mlango, ingawa cherehani zilikuwa zinapiga kelele kiasi kwamba hakuna ambaye angesikia.

"Kaa chini, Kamene. Pole tena kwa msiba." Alivuta kiti. Si mtu mbaya. Alinichangia nauli ya kwenda kuzika. "Nikiwaambia hao watu kwamba tuliacha takataka ndani ya programu yao, wataniuliza takataka nyingine iko wapi. Utawajibu nini?"

"Nitapitia programu yote."

"Na wakati unapitia, wanatafuta watu wengine. Lakini nikisema tatizo lilikuwa lugha, kila mtu anaelewa. Wafadhili wataelewa, father wa kanisa ataelewa. Ni kitu kinarekebishika. Sydney anabadilisha majina yote yawe ya Kiingereza, wiki moja, kwisha. Hakuna mtu amekuwa mjinga, hakuna mtu amekuwa mvivu. Ni Kiswahili tu."

"Ni Kiswahili tu," nikarudia.

"Sasa si umeelewa?"

"Nimeelewa, Bosi. Na wewe mwenyewe ulisema bora ifanye kazi."

"Na je, imefanya?"

Alisema barua itakuwa tayari Jumatano. Leo ni Jumatano.

Jana nilimwomba Asenath anipeleke kwa Eve. Sikutaka kwenda peke yangu. Tulimkuta nje ya nyumba akianika nguo, na yule mama mkwe wake, Lydiah mkubwa, amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Watoto wawili walikuwa wanaruka kamba. Mmoja alikuwa bado amevimba kidogo chini ya macho.

"Mama Lydiah," Asenath alisema, "huyu ndiye msichana wa kompyuta."

Eve hakuacha kuanika. "Ndiye alibonyeza?"

Ningeweza kumtaja Sydney. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. "Tulibonyeza sisi, wa ofisi," nilisema. "Lakini kitu kilichobonyezwa nilikiandika mimi, na nilijua hakifai, na sikukiondoa. Nimekuja kuomba msamaha."

Alibana shati kwenye kamba kwa kibanio, kisha la pili. Majirani wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza bila kujificha.

"Mtoto wangu alikuwa haoni," alisema. "Macho yalijifunga. Ananiuliza, mami, mbona umezima taa? Saa nne asubuhi."

"Nisamehe."

"Mimi sitaki pole. Pole nimepewa na sista, nimepewa na father, nimepewa na mtu mmoja wa ofisi yenu mwenye koti. Nataka nikienda tena wamjue mtoto wangu ni nani."

"Dirisha lile la sista kwenye kompyuta nimelifunga. Sasa wataulizwa mama ni nani, na nyumba nambari ngapi. Lazima. Bila hivyo halifunguki."

"Nani amelifunga?"

"Mimi. Jana."

Ndipo aliponigeukia. "Huyo wa koti aliniambia ati shida ni kompyuta iliandikwa Kiswahili. Nikamwuliza, sasa sisi hapa tunaongea nini?"

Majirani wakacheka. Yule mzee hakucheka, ila aliinua kichwa kutoka kwenye maharagwe. "Nyaguthii!" akaita. Watoto wote wawili waliacha kamba wakaja mbio. Akamwambia mmoja alete maji, mwingine alete kiti. "Mgeni asimame hadi lini?"

Nilikaa. Nilikunywa maji. Eve hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Tulipoondoka Asenath alinishika mkono.

"Watakufukuza?"

"Nisipotia sahihi."

"Mimi nina miezi saba nistaafu, niende nyumbani," alisema. "Wewe bado msichana. Tia sahihi, ule. Karatasi haina meno."

"Watabadilisha majina yote, Mama Asenath. Swali lako litaitwa kwa Kiingereza, na atakayelibadilisha ni Sydney."

Alitembea mpaka kwenye kibanda cha viazi. "Atachukua tena la kwanza," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Haya," alisema, na hakunishauri tena.

Sasa ni saa kumi kasoro. Cherehani zimenyamaza, wanakunywa chai. Nimesoma barua ya ajira mara nne bila kuigusa. Mshahara wake ungemtoa shangazi kwenye foleni ya vibarua vya kufulia watu nguo mtaa wa Komarock. Najua hilo. Nimelifikiria tangu asubuhi, na bado nalifikiria.

Leo nilianza kwa kufanya kile nilichopaswa kufanya Aprili. Nilifungua programu nikaitafuta TafutaKwaJina kila ilipo, nikaifuta. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika T, A, F, nikabonyeza. Orodha haikushuka. Lilikuwa limebaki neno moja tu, kwa hiyo lilijiandika lenyewe moja kwa moja. Nikanakili programu yote kwenye disketi mbili. Moja nimeipeleka kwa Asenath, ameifungia kwenye kabati la tatu, chini ya jina la mama yangu. Nyingine iko hapa mezani, ni ya ofisi. Sichukui kisicho changu.

Mlango unafunguka. Bwana Nalianya anaingia, Sydney nyuma yake. Sydney ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Kamene, haina noma," anasema kwa sauti ya chini. "Wewe sign tu. Mimi hata sijakasirika."

Namwamini. Hajakasirika. Amenisamehe kwa kosa lake.

Bwana Nalianya anaitazama barua, halafu kalamu, halafu mimi. "Haujatia."

"Sijatia."

"Kuna neno linakusumbua? Tunaweza kulibadilisha. Badala ya 'najuta' tuseme..."

"Usinimalizie, Bosi. Tafadhali."

Naweka daftari zangu kwenye mfuko wa plastiki, moja baada ya nyingine, zote tisa. Nimechoka kiasi kwamba nikikaa tena sitanyanyuka, kwa hiyo naongea nikiwa nimesimama.

"Niliacha amri mbovu ndani ya programu. Hilo nimemwomba radhi mama wa mtoto, nyumbani kwake, majirani wakisikia. Mkitaka kuliandika, liandikeni, nitatia sahihi hapa hapa."

"Hiyo hatuwezi kuandika. Nilikueleza."

"Ulinieleza."

"Basi omba radhi kwa hii iliyoandikwa, mwanangu, tufunge haya mambo. Maneno mawili. Kiswahili sio cha baba yako."

"Si cha baba yangu. Ni changu," nasema. "Na kwa hicho siombi radhi."

Anangoja, kama mtu anayedhani kuna maneno mengine yanakuja.

"Siombi."